Tupeane uzoefu: kibali na gharama za veranda ya mbao

BabaAisha:
Leo nimepita kwa jirani nikakuta X nyekundu imepigwa kwenye nguzo ya veranda yake mpya, rangi inachuruzika mpaka kwenye mbao za chini. Hata ngazi hajaweka. Na mimi nina mbao zangu ndani tayari, nataka kutoa sakafu ya nje nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, nguzo zikae juu ya zege. Mliojenga au kukarabati hapa Uganda, mlipitia wapi? Kibali kilikula ngapi, mbao zikala ngapi? Tusifichane.

fundi_Ndeeba:
Kibali si ghali. Ghali ni yanayokizunguka.

MtotoWaBusia:
Hapo umemaliza.

DadaZainabu:
Baba Aisha umenikumbusha machungu. Mimi nilikuwa nakarabati tu baraza la marehemu mama, mbao zimeliwa na mchwa, ukikanyaga mguu unazama. Nikaanza kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa, barua na muhuri, akaomba ya soda, nikampa. Kufika ofisi ya vibali wakaniuliza ardhi ni ya nani. Sisi tuko kwenye mailo, yaani hati ni ya mtu mwingine, sisi tuna kibanja, haki ya kukaa tu. Basi ilitakiwa barua ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi kwanza anataka busuulu, kodi yake ya ardhi ya kila mwaka, ambayo haijalipwa tangu baba yuko hai. Hela yenyewe ndogo, ila huyo mzee kumpata! Leo yuko Masaka, kesho yuko mazishini, keshokutwa simu imezimwa. Mvua ya Machi ikanikuta bado namfukuza. Mchoro nao laki sita, maana yule kijana alitaka kunichorea nyumba nzima upya. Ada ya kibali nilipewa namba ya malipo nikalipa benki, haikufika hata nusu ya pesa ya mchoro. Ushauri wangu: waambie unataka kibali cha kazi ndogo za ujenzi. Usipotamka hivyo wanakuandikia cha ghorofa.

MtotoWaBusia:
Laki sita kwa mchoro wa baraza? Banange.

Afande_Mstaafu:
Sheria ya Udhibiti wa Majengo ni ya 2013, kanuni zake 2020. Inahusu nchi nzima, msidhani ni Kampala peke yake. Na siku hizi kuna mfumo wa BIMS, unaomba mtandaoni, huna haja ya kumbembeleza karani.

MtotoWaBusia:
Afande, na mtandao ukikwama unampigia nani? Si karani yule yule 😂

JumaKalitunsi:
Mnamchosha bure. Anza Ijumaa jioni, maliza Jumapili usiku. Jumatatu wakija wakukute umekaa unakunywa chai, waambie hii iko hapa tangu enzi za Amin.

DadaZainabu:
Juma usimpoteze mwenzio. Siku hizi hata Jumapili wanapita. Mbao mpya zinanuka, nani atakuamini?

JumaKalitunsi:
Unazipaka oili chafu dada. Zinazeeka siku hiyo hiyo, na mchwa hawasogei.

MamaRehema:
Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini acheni niseme. Kaka yangu yuko London. 2019 akatuma pesa, anataka veranda ya mbao kule kwake ziwani, njia ya Entebbe, ili akija Krismasi akae anatazama maji. Si mita 4 kwa 3, ilikuwa kama uwanja. Mvule tupu, bolti za chuma, taa ndogondogo chini ya reli. Kibali? Kila tukimwuliza, fundi anajibu "mama, hii si nyumba, ni fanicha."

Krismasi kaka akaja, akakaa, akafurahi, akarudi. 2020 corona ikaingia, magari marufuku, na ziwa nalo likaanza kupanda. Aprili mmekumbuka kile kisiwa cha majani kilichokwenda kuziba bwawa Jinja, umeme ukakatika nchi nzima? Vipande vya namna hiyo na kwetu vilikuwa vinazurura. Mei, usiku wa manane, nasikia kwa, kwa, kwa. Misumari inang'oka. Nikamulika na simu dirishani: fungu zima la mafunjo limeegemea nguzo, linasukuma, na juu ya mbao kuna nyoka amejikunja chini ya meza kana kwamba amelipia.

Kulipokucha veranda haikuwepo. Ilikuwa kule majini inaelea, nzima, na viti vya plastiki bado vimesimama juu yake. Nikampigia kaka kwa video aone mwenyewe. Hakusema neno. Vijana wa mtumbwi wakaifunga kamba, nikadhani wananiletea. Wakaivuta mpaka mwaloni kwao, wakanipigia: nyabo, mvule wako tunao, unakomboa kwa ngapi?

fundi_Ndeeba:
Haki ya Mungu!! Nyoka aina gani?

MtotoWaBusia:
"Ni fanicha" 😂😂 Huyo fundi ajibiwe na ziwa.

Afande_Mstaafu:
Kanuni za mazingira za 2000 zinasema mita 200 kutoka Ziwa Victoria haujengi bila ruhusa. Kwa mito mikubwa ni mita 100. Huyo kaka alikuwa mita ngapi?

MamaRehema:
Afande, maji ndiyo yalimfuata, si yeye aliyeyafuata.

Afande_Mstaafu:
Mita ngapi?

DadaZainabu:
Afande mama wa watu amepoteza mbao, wewe unamhoji kama yuko kizuizini.

JumaKalitunsi:
Matajiri wamezungushia ziwa lote ukuta, sisi hata pa kuchota maji hatuna. Mimi nawapongeza hao vijana wa mtumbwi.

MamaRehema:
Juma, wewe unayepaka oili kuwakwepa wakaguzi unampongeza mwizi, sawa.

BabaAisha:
Jamani, poleni na nyoka, lakini mimi niko mbali na ziwa. Turudi kwenye mbao. Nimenunua musizi.

fundi_Ndeeba:
Aisee. Musizi kwa nje? Hiyo ni chakula cha mchwa. Itumie ndani kwa dari. Nje weka mugavu. Payini weka tu kama imetiwa dawa kiwandani, si ya kupakwa kwa brashi barabarani. Nguzo isiguse udongo, zege lipande juu ya ardhi kidogo, kisha kiatu cha chuma cha kuchomelea pale Katwe. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa msumari maji yapite. Fundi kwa siku 40,000, msaidizi 20,000, chakula juu yako.

JumaKalitunsi:
Kalitunsi, mkaratusi huo, ni nusu bei na inatosha.

fundi_Ndeeba:
Kalitunsi mbichi inajikunja ukiwa bado unapigilia. Jina lako tu linanionyesha nyumba yako ilivyo.

JumaKalitunsi:
Njoo uione, haijapinda.

BabaAisha:
Mugavu wa 6x2 unauzwaje sasa? Na musizi wangu kuna mtu anautaka?

MamaRehema:
Musizi nitumie picha inbox, nina dari la kumalizia. Ila kuuleta ni juu yako.