Mjadala: Mtu akiyakana maelezo yake ya onyo, yatoshe kumpeleka kwenye kitanzi?

Kalamu ya Ilala
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Wiki iliyopita nilikaa siku mbili kwenye kesi ya mauaji hapa mjini, nimemsindikiza jirani ambaye mdogo wake ndiye mshtakiwa. Vielelezo vilikuwa viwili tu: panga lililofungwa kwenye gazeti, na maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa anaandikisha polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Gazeti lilikuwa limegandana na panga hata karani alipolifungua likachanika, vipande vingine vikabaki kwenye chuma.

Wakili wa utetezi akamuuliza shahidi kama panga lilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali likapimwe. Halikupelekwa. Alama za vidole kwenye mpini zilichukuliwa? Hazikuchukuliwa. Kwa nini? Shahidi akajibu: "Hakukuwa na haja, mtuhumiwa alishakiri." Mshtakiwa anasema alikiri kwa kipigo.

Jibu hilo limeninyima usingizi. Mwaka 1986 kwenye vijiji vya jirani na Leicester, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana. Kulikuwa na msichana mwingine aliyeuawa jirani na hapo mwaka 1983, na polisi waliamini muuaji ni yuleyule. Sampuli zikapelekwa kwa Alec Jeffreys, mtaalamu aliyegundua mwaka 1984 jinsi ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Majibu yakarudi: wasichana wote wawili wameuawa na mtu mmoja, na mtu huyo si kijana aliyekiri. Yaani DNA ilipoingia mara ya kwanza kwenye kesi ya mauaji, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwokoa mtu aliyekiri!

Kwetu hukumu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Sasa nauliza: mtu akiyakana maelezo yake, na hakuna kipimo chochote, yatoshe?

Chuma cha Tabata
Yatoshe. Mtu mzima na akili zake akiri kuua na hajaua, ili iweje?

Afande Mstaafu
Nimefanya upelelezi miaka 27, najua ninachosema. Ndugu Kalamu, ni rahisi kukaa kwenye benchi la mahakama ukauliza kwa nini alama za vidole hazikuchukuliwa. Zichukuliwe wapi? Nakumbuka tukio moja Mbagala, tulifika tukakuta watu kama mia wamesimama juu ya damu. Mmoja ameshika kisu chenyewe anawaonyesha wenzake jinsi marehemu alivyochomwa. Mwingine amemfunika marehemu shuka la nyumbani kwake. Mnakanyaga kila kitu, halafu mnataka sayansi. Mkemia Mkuu hafanyi miujiza.

Halafu huyo wa Leicester msimalizie hadithi katikati. Walipima damu za wanaume karibu elfu tano wa vijiji vile, hawakumpata. Muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Kilichomkamatisha mwaka 1987 ni yule mwenzake kuropoka kilabuni na mtu mmoja kwenda kutoa taarifa. Mdomo wa watu ndio uliofanya kazi, kama siku zote.

Mtoto wa Mbagala
Afande shikamoo, lakini hapo kwenye "mnakanyaga" umenikera sana. Mbagala imekuwa mfano wa kila kitu kibaya katika jiji hili.

Nikukumbushe Aprili 29, 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Mtaani kwetu kipande cha chuma kiliangukia nyuma ya choo cha jirani. Tuliambiwa kwa redio tusiguse vyuma. Nani aligusa? Tulikizungushia matairi manne ya daladala na kamba ya kuanikia nguo, vijana tukapokezana zamu usiku kucha kuzuia watoto mpaka wanajeshi walipokuja. Hao ndio watu wa Mbagala. Tukielezwa, tunatii. Hiyo siku ya kisu chako, mtu alipiga simu kituoni saa ngapi na nyie mlifika saa ngapi? Hilo hujalisema.

Chuma cha Tabata
Mtoto wa Mbagala, tuache mabomu. Suluhisho lipo na ni jepesi. Wazungu walishatuletea sayansi ya alama za vidole, na NIDA, hao wa vitambulisho vya taifa, wana vidole vyetu wote. Wampe polisi mashine, aweke alama ya kwenye kisu, jina litoke. Kesi zote zingekwisha ndani ya wiki.

Wakili wa Kisutu
Mambo mawili, moja la sheria na moja la kunitoa dukuduku.

La sheria: Kalamu, swali lako lina jibu, ila hutalipenda. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba shahidi bora kuliko wote ni mshtakiwa anayekiri kosa lake mwenyewe. Na kwa maelezo yaliyokanwa, tangu kesi ya Tuwamoi ya mwaka 1967, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maelezo hayo peke yake, ilimradi ijionye juu ya hatari yake na iridhike kuwa hayawezi kuwa ila kweli. Ndiyo maana tunapigana kwenye kesi ndani ya kesi, yaani ile ndogo ya kuamua kama maelezo yapokelewe: alipigwa? Maelezo yalichukuliwa ndani ya masaa manne tangu awekwe chini ya ulinzi? Alipelekwa kwa mlinzi wa amani, ofisa asiye polisi anayeweza kuandika maungamo? Maelezo yakifutwa, mara nyingi kesi inabaki mifupa mitupu, kwa sababu mpelelezi aliegemea kwenye karatasi ile moja. Kwa hiyo kinachokuuma, Kalamu, kinamuuma hata mwendesha mashtaka.

La dukuduku: Chuma, alama za vidole hazikuletwa na "wazungu" kama unavyodhani. Mwaka 1858 huko Bengal, India, ofisa mmoja Mwingereza, William Herschel, alimfanya mkandarasi wa Kihindi aitwaye Rajyadhar Konai abandike kiganja chenye wino nyuma ya mkataba. Na utaratibu wa kupanga alama katika makundi, ili ukiwa na maelfu ya kadi uipate moja, ulifanyiwa kazi Calcutta na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ukapewa jina la bosi wao, Edward Henry, naye akauchukua mpaka Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, mwaka 1901. Vichwa vya Wahindi wawili, jina la Mwingereza mmoja. Tafadhali tusiendelee kuwanyang'anya.

Chuma cha Tabata
Sasa Wakili nani kakuuliza habari za Wahindi? Nimesema NIDA.

Afande Mstaafu
Wakili ana haki. Sisi tulifundishwa "mfumo wa Henry" chuoni na hakuna aliyetutajia hao wawili. Leo ndiyo nawasikia.

Mtoto wa Mbagala, marahaba. Simu ilipigwa saa mbili usiku, tulifika saa tano kasoro. Gari lilikuwa moja na lilikuwa kwenye tukio lingine. Sifichi.

Mtoto wa Mbagala
Karibu masaa matatu! Halafu mwenye kosa ni aliyemfunika marehemu shuka. Wewe ungemwacha ndugu yako uchi barabarani masaa matatu?

Binti Mtongani
Naomba nimjibu kaka Chuma kuhusu mashine ya NIDA, maana hilo limenigusa nyumbani.

Mama yangu amegonga kokoto Kunduchi tangu mimi niko mgongoni. Ukimshika mkono, ncha za vidole ni laini kabisa, zinateleza kama kioo. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole alienda kwa wakala mara nne. Anaweka dole gumba, mashine inakataa. Anaambiwa apake mafuta, inakataa. Anaambiwa anawe na sabuni, inakataa. Mwisho laini imesajiliwa kwa jina langu. Sasa hiyo mashine unayosema itoe jina la kila mtu, mama yangu kwake si mtu? Na wapo wengi: wachanganya zege, wafua nguo, wamenya korosho.

Wakili wa Kisutu
Binti, pole sana. Umenikumbusha kitu: yule Konai wa mwaka 1858, mkataba wake ulikuwa wa kupeleka kifusi cha kutengenezea barabara. Kiganja cha mwanzo kwenye historia hii yote kilikuwa cha mtu wa kazi kama za mama yako.

Kalamu ya Ilala
Jamani, na hata pale mashine inaposoma! Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya wakili mmoja wa Marekani, Brandon Mayfield. Wataalamu wao wakathibitisha kwa uhakika wote. Akashikiliwa wiki mbili, mpaka Wahispania walipomtaja mtu mwingine, raia wa Algeria. Nataka sayansi, Chuma, lakini nataka yenye mtu wa kuibishia. Sitaki tumtoe mungu mmoja aitwaye maelezo ya onyo tumweke mwingine aitwaye mashine.

Naomba turudi kwenye swali. Kijana wa Leicester alikiri, na kwenye mahojiano yake kulikuwa na mambo ambayo polisi waliona ni muuaji tu anayeyajua. Hakimu wetu "angeridhika kuwa ni kweli" au asingeridhika? Afande hujanijibu.

Afande Mstaafu
Nilidhani nimejibu. Tatizo ni eneo la tukio.

Muuguzi wa Zamu
Mimi naongeza kwa Afande, kwa sababu kuchelewa siyo kwa polisi tu wala kukanyaga siyo kwa raia tu. Miaka mingi iliyopita, zahanati niliyokuwa naanzia kazi, aliletwa binti usiku akiwa na PF3, ile fomu ya polisi ya kupatia matibabu. Alikuwa ameshaoga nyumbani, shangazi yake ndiye aliyemwogesha kwa huruma, maji ya moto na chumvi. Kanga aliyokuwa amevaa ikaletwa mbichi kwenye mfuko wa nailoni, fundo limekazwa. Nami kwa ujinga wa siku hizo nikaupokea hivyohivyo nikauweka kabatini, Ijumaa. Askari alikuja Jumanne. Nilipofungua, harufu ilinipiga usoni, ukungu mweupe umetanda juu ya maua ya kanga. Hapakuwa tena na cha kupima.

Hakuna aliyenifundisha kabla ya siku ile. Kwa hiyo sikilizeni: nguo isifuliwe. Ianikwe kivulini ikauke, kisha iingie kwenye bahasha ya karatasi, ile ya kaki, kila nguo na bahasha yake. Andika nani amekupa, saa ngapi, na umemkabidhi nani. Nailoni inaozesha. Na mhusika asioge kabla ya kuonwa na daktari, hata moyo ukiuma kumwona alivyo.

Binti Mtongani
Dada Muuguzi, asante. Naomba kuuliza, kama nguo zimeshawekwa kwenye nailoni tangu jana na polisi hawajafika, zitolewe?

Muuguzi wa Zamu
Zitoe sasa hivi, mdogo wangu. Vaa glavu, huna basi mfuko safi mkononi. Tandaza juu ya karatasi safi, usikung'ute, zikikauka kunja na hiyohiyo karatasi yake. Nitumie ujumbe pembeni, usimalizie hapa.

Wakili wa Kisutu
Na Binti, andika majina ya wote waliozigusa. Mahakama imeshavitupa vielelezo vingi kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani.

Chuma cha Tabata
Binti, pole. Kuhusu mama yako nimeelewa, sikulifikiria hilo. Lakini kwa mwenye kukiri, msimamo wangu ni uleule.

Kalamu ya Ilala
Chuma, mdogo wake jirani yangu ana miaka 22. Kesi inaendelea tarehe 14. Njoo ukae na mimi kwenye benchi, ulitazame lile panga, kisha uniambie msimamo wako.

Chuma cha Tabata
Nitakuja.

Mtoto wa Mbagala
Bado namsubiri Afande. Afande, ukipita Charambe nitakuonyesha yale matairi yalikokuwa, sasa hivi pana genge la nyanya la mama mmoja, na yeye alikuwa zamu usiku ule. Ulitamke mbele yake hilo neno "mnakanyaga".