Bushi ya kebo ya gia: wakala, Kariakoo, mtumba au kukereza? Tulinganishe, tulio Dodoma

Mkazi wa Kisasa (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Naomba tulinganishe njia za kupata kipuri kidogo sana, kwa sababu wiki hii nimebaini kwamba hapa Dodoma ni rahisi zaidi kuuziwa injini nzima kuliko kuuziwa kipande cha plastiki kinachoenea kwenye ncha ya kidole.

Gari langu ni dogo, limetengenezwa Japani mwaka 2006, na lina gia za otomatiki. Mtengenezaji simtaji, wala wakala wake simtaji, kwa kuwa sikuja kumsema mtu. Jumatatu nilisimama Area C kununua dawa, nikaweka gia kwenye P (ya kuegesha) kama kawaida, na niliporudi nikakuta mkono wa gia unakwenda mbele na nyuma bila uzito wowote, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Mkono ulikuwa kwenye D (ya kwenda mbele), lakini dashibodi ilisoma P na gari halikuondoka. Fundi alipofungua boneti alinionyesha mahali ambapo jicho la kebo ya gia, yaani waya unaounganisha mkono wa gia na gia boksi, hushikana na pini ya gia boksi. Ndani ya jicho hilo ilipaswa kuwepo bushi, yaani pete ndogo ya plastiki, lakini kilichobaki kilikuwa unga wa rangi ya kahawia na vipande viwili vilivyovunjika nilipovigusa tu.

Nilikwenda kwenye duka la wakala nikiwa na vipande hivyo ndani ya bahasha. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, alinisikiliza, akaingiza namba ya chasisi mara tatu, kisha akaniambia kwamba bushi hiyo haiuzwi peke yake. Inauzwa kebo nzima, shilingi 410,000, nusu inalipwa wakati wa kuagiza, na mzigo unachukua kati ya wiki tatu na tano. Kwangu hiyo ni sawa na kununua ng'ombe kwa sababu kengele yake imepotea.

Njia nyingine nilizoambiwa ni tatu: kuagiza bushi Kariakoo kwa kutuma picha, kununua kebo ya mtumba kutoka kwenye magari yaliyokatwa, au kukerezewa bushi mpya na fundi wa mashine. Aliyewahi kupita njia mojawapo naomba aeleze gharama, muda na kilichotokea baada ya miezi kadhaa, maana siku ya kwanza kila kitu hufanya kazi.

Kaunta ya Zamani

Ndugu mleta mada, pole sana. Nimefanya kazi kwenye kaunta ya vipuri kwa miaka tisa, ingawa si hapa Dodoma, na ningependa kumtetea kijana yule kidogo kabla ya kuingia kwenye ulinganisho wenyewe.

Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kitu kilichomo ndani ya gari. Kebo ya gia hutengenezwa na kiwanda kingine cha kebo, na hufika kwenye mstari wa kuunganishia magari ikiwa tayari imekamilika, pamoja na bushi yake, mipira yake na vishikizo vyake. Kwa hiyo kwenye katalogi ya mtengenezaji wa gari kebo hiyo ina namba moja tu. Bushi haina namba, na kitu kisicho na namba hakiwezi kuagizwa, hakiwezi kuwekewa bei wala kukatiwa risiti, hata kama mtu wa kaunta anakionea huruma kama unavyokionea wewe.

Kuna tatizo la pili linalowahusu wengi wetu. Magari tunayoyanunua yakiwa yametumika Japani yalitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, na namba yake si ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwenye masoko mengi ya nje. Ni namba fupi ya fremu, yaani herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Toyota IST ya injini ya lita 1.5, kwa mfano, inaweza kuanza na NCP61. Kaunta ambayo mfumo wake umeandaliwa kwa magari yanayouzwa mapya katika nchi hii inaweza isiione kabisa namba hiyo. Usikubali kurudishwa hapo. Omba watafute kwenye katalogi ya soko la Japani, na ukiwa unakwenda piga picha kibati kilichomo chini ya boneti, kwa sababu kibati hicho kina pia msimbo wa gia boksi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulichanganya. Vipuri vidogo viko vya aina mbili: vyenye namba na visivyo na namba. Vyenye namba, kwa wakala ndiko mahali pake hasa, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nitatoa mfano wa Toyota kwa kuwa ndiyo ninayoikumbuka kwa kichwa: washa (pete bapa ya kuzibia) ya nati ya kumwagia oili ina namba 90430-12031, na inatumika kwenye modeli nyingi sana za kampuni hiyo. Tarakimu tano za mwanzo hueleza aina ya kipuri na zinazofuata hueleza kipo cha namna gani. Nimeona watu wakisafiri hadi Kariakoo kutafuta klipu za bampa ambazo zilikuwa ndani ya droo nyuma ya mgongo wangu, kwa sababu tu walikwishaamua kwamba kwa wakala ni ghali.

Bushi yako ni ya aina ya pili. Usipoteze muda zaidi kwenye kaunta.

Mwalimu wa Nzuguni

Nakubaliana na mchangiaji wa juu, lakini naomba niseme ukweli kuhusu Kariakoo, kwa sababu watu huitaja kama vile ukituma picha asubuhi jioni umemaliza.

Mimi nilihitaji kiklipu kinachoshika kioo cha mlango kwenye mtambo wake wa kupandisha. Nilituma picha kwa muuzaji niliyeelekezwa, akasema anacho, nikalipa kwa simu, na kesho yake jioni nikapokea kifurushi hapa stendi ya Nzuguni. Kilikuwa kikubwa mno. Nikatuma picha nyingine, nikalipa tena, nikaletewa cha upande wa kushoto wakati nilihitaji cha kulia. Mara ya tatu ndipo nilipopata akili ya kuweka kiklipu kilichovunjika juu ya karatasi ya madaftari ya hesabu, ile yenye vyumba vidogo, na sarafu ya shilingi 200 pembeni yake, nikapiga picha kutoka juu kabisa bila kuinamisha simu. Muuzaji alinipigia mwenyewe akacheka, akasema kumbe ulikuwa unataka hiki.

Kiklipu kilikuwa cha shilingi 8,000. Nikijumlisha viwili vya makosa na nauli ya vifurushi vitatu, nilitumia zaidi ya 40,000 na siku kumi na moja, na siku zote hizo kioo kilikuwa kimeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, katika vumbi hili la Dodoma la mwezi wa nane. Mume wangu aliishia kupanda treni ya SGR kwenda huko kwa shughuli zake nyingine, na tangu hapo kila anayesafiri kwetu hupewa orodha na sampuli mkononi. Sampuli mkononi inashinda picha kumi.

Dereva wa Kibaigwa

Kaka mleta mada, mimi ningechukua kebo ya mtumba bila kufikiri mara mbili. Kebo niliyonunua mwaka jana ilitoka kwenye gari lililokatwa nusu, nililipa 75,000 pamoja na kufungiwa, na mpaka leo nabeba abiria nayo. Unapata kila kitu kilichotoka kiwandani, hubahatishi vipimo, na unaondoka siku ileile.

Na kama huna fedha leo, fundi wako afunge jicho la kebo kwenye pini kwa waya na washa mbili. Nilitembea hivyo wiki nzima.

Mkerezaji

Ndugu dereva, kwenye kebo ya mtumba una hoja, lakini kwenye waya naomba nikupinge moja kwa moja. Waya ukilegea, mkono wa gia utasoma P huku gia boksi ikiwa kwenye N (huru) au R (ya kurudi nyuma). Gari lililoegeshwa kwenye mteremko kwa kutegemea P ambayo haipo litaondoka lenyewe. Mtu anayelazimika kulifikisha gari gereji kwa namna hiyo aliegeshe kwa breki ya mkono na jiwe nyuma ya tairi, asimwachie mtu mwingine aliendeshe, na lisilale hivyo hata usiku mmoja barabarani.

Kuhusu mtumba, kumbuka kwamba bushi iliyomo ndani ya kebo hiyo inaweza kuwa na umri uleule wa bushi iliyokufa. Plastiki hii inauawa na joto la chini ya boneti na miaka, si kilomita peke yake. Kabla ya kulipa, ingiza kidole kwenye jicho la kebo na uibonyeze bushi kwa ukucha. Ikiwa bado ina unyumbufu, chukua. Ikiwa imekuwa ngumu na inalia kama ganda la karanga, mwachie mwenye duka.

Kazi ya kukereza ndiyo yangu, kwa hiyo mnaweza kunishuku kwamba navutia upande wangu, lakini nitaeleza pia makosa tunayoyafanya. La kwanza ni malighafi. Wapo wanaochonga bushi kutoka kwenye kibao cheupe cha kukatia nyama. Plastiki ile ni laini, hulegea kwenye joto, na baada ya miezi michache utarudi ulikotoka. Wengine hutumia tefloni kwa sababu inateleza vizuri na haiogopi joto, lakini tefloni ikikandamizwa kwa muda mrefu hutanuka pembeni, hivyo tundu hupanuka. Nailoni ngumu ya fimbo inafaa zaidi kwa kazi hii. Shaba ninaikataa hata mteja akiitaka, kwa sababu itaila pini ya gia boksi, na pini hiyo ndiyo ghali.

Kosa la pili ni kupima bushi iliyokufa. Iliyokufa imekwishalika, kwa hiyo ukiiga vipimo vyake unatengeneza nyingine iliyolegea tangu siku ya kwanza. Pimeni pini na jicho la kebo, kwa vania (kipimo chenye taya cha mafundi), si kwa rula ya shule. Mimi huacha nafasi ndogo sana upande wa pini, kwa kuwa nailoni hunyonya unyevu na kuvimba kidogo, na bushi iliyobana mno hufanya mkono wa gia uwe mzito.

Mkazi wa Kisasa (mleta mada)

Nashukuru sana, hasa kwa maelezo ya kupima pini. Naomba kuuliza jambo moja kwa ndugu Mkerezaji: jicho la kebo yangu lina mfereji kwa ndani, na nadhani bushi ya awali ilikuwa na ukingo ulioingia humo ili isichomoke. Je, ukingo huo unaweza kukerezwa, au bushi itabaki ikishikiliwa kwa kubana tu?

Mkerezaji

Unakerezwa. Bushi ichongwe ikiwa na ukingo, halafu ikatwe mpasuo mmoja ubavuni ili iweze kubinywa wakati wa kuingia na kutanuka ikishafika kwenye mfereji. Kisha iwekwe washa na pini ya kufungia upande wa nje. Mpasuo uelekee juu au chini, usielekee upande ambao kebo inavuta.

Msafiri wa Manyoni

Niongeze kwa kifupi kwamba bushi hizi zinauzwa pia mtandaoni na watengenezaji wa nje ambao hawana uhusiano na kiwanda cha gari, na nyingine zimetengenezwa kuingia bila kifaa chochote. Niliagiza moja nikasubiri wiki sita, na gharama ya usafirishaji ilizidi bei ya bidhaa mara tatu. Kwa mwenye gari la pili la kutembelea, inawezekana. Mimi nilitembea kwa bodaboda wiki zote hizo na sitarudia.

Mkazi wa Kisasa (mleta mada)

Wanajamvi, narudi na mrejesho baada ya wiki mbili.

Nilianza na mtumba. Niliona kebo tatu katika maduka mawili, nikazibonyeza zote kwa ukucha kama nilivyofundishwa. Mbili zilikuwa ngumu, na ya tatu ilikuwa nzuri lakini ya gari lenye gia boksi tofauti, jambo ambalo nililitambua kwa kulinganisha picha ya kibati changu na cha gari ilikotoka. Muuzaji alisisitiza kwamba itaingia. Niliiacha.

Nikaenda kukereza, Kizota. Fundi alipima pini na jicho, akachonga bushi mbili za nailoni kwa shilingi 30,000, kazi ya muda usiozidi saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri umeme urudi. Kuifunga haikuchukua dakika ishirini. Mkono wa gia sasa unaingia kila hatua kwa mlio mfupi unaosikika, na P inashika; nimelijaribu gari kwenye mteremko huku kijana wa gereji akiwa tayari na jiwe nyuma ya tairi.

Bushi ya pili nimeihifadhi kwenye droo ya dashibodi, ndani ya bahasha ileile niliyokwenda nayo kwa wakala, na juu yake nimeandika: pini milimita 10, jicho milimita 16, urefu milimita 9. Ni vipimo vya gari langu, si vya kila gari.

Vilevile nilifuata ushauri wa Kaunta ya Zamani nikarudi kwa wakala kwa ajili ya klipu nne za fenda laina (plastiki ya ndani juu ya tairi), nikiwa na namba zake mkononi. Zilikuwepo, na nililipa 14,000 kwa zote pamoja na risiti. Kijana wa kaunta alinikumbuka, akaniuliza nilifanyaje kuhusu bushi.

Dereva wa Kibaigwa

Hongera, kaka. Nimekwenda kuipima pini yangu jioni hii, ni milimita 8, na bushi ya mtumba niliyoisifu hapo juu imeanza kulia ninapoibonyeza. Alhamisi nitakuja Dodoma kupakia mzigo. Naomba unielekeze hiyo karakana ya Kizota iko upande gani wa barabara.