Geti valvu (koki ya kufungia maji) ya nyumbani inavuja, fundi anakuja kesho. Naombeni ushauri

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Geti valvu inavuja shingoni, chini ya kile kiusukani chekundu. Ukuta umeota ukungu, na bili imepanda hadi naogopa kufungua meseji. Baba watoto yuko safarini. Nibadilishe yote au inarekebishika?

Spana Mkononi: Pakingi, kile kizibo laini kinachozunguka shina la usukani, imechoka hiyo. Chini ya usukani kuna nati, ikaze robo mzunguko, spana ya pili ishike mwili wa valvu bomba lisijipinde. Usizidishe, usukani utagoma. Ikiendelea kuvuja, funga maji, fungua nati, zungushia tepu nyeupe kwenye shina, rudishia.

Babu wa Kijiweni: Yangu niliitegea ndoo, nikamwagilia mchicha. Majirani walikula wakashiba.

Neema ya Bwana: Dada, kuna watu wanaamka alfajiri kupanga foleni ya ndoo, wewe unayaacha yamwagike! Tuogope.

Spana Mkononi: Mama, iko kabla ya mita au baada?

Mama Wawili: Unauliza kwa nini?

Spana Mkononi: Nijibu kwanza.

Mama Wawili: Kabla. Lakini fundi wa mtaani kasema atakata aweke mpya, na hela ya kifaa nimeshampa. Ni kijana mwaminifu.

Spana Mkononi: Ungeanza na hilo! Kabla ya mita ni mali ya mamlaka ya maji. Akigusa, matatizo ni yako. Na akikata bila maji kufungwa huko nje, mtaoga wote. Toa taarifa waje wenyewe.

Mama Wawili: Mpaka waje, ukuta utakuwa umeanguka.

Mpekuzi: Ngojeni. Inavuja kabla ya mita, halafu bili inapanda? Maji hayo mita haijayaona. Chai hii.

Babu wa Kijiweni: Kweli bwana. Weka picha.

Mama Wawili: Nitunge nipate nini? Watoto wanateleza hapo kila siku!

Spana Mkononi: Mpekuzi, muache. Huenda panavuja mahali pawili. Mama, funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, umempata mwizi wa bili.

Mama Wawili: Kinazunguka! Rangi sina, nimetia chai ya rangi, nasubiri. Fundi atakuja vilevile, ila ataanza na choo.

Spana Mkononi: Na valvu?

Mama Wawili: Nipe hadi asubuhi nifikirie.