Kizunguzungu cha kugeuka kitandani: kwa nini Epley imegoma, na mazoezi gani yanafuata?

Mlezi wa Zamu

Habari za humu wakuu. Naomba maelezo ya kina kutoka kwa wanaofanya fiziotherapia ya uwiano. Mgonjwa ni mama wa miaka 63. Akijigeuza kitandani kuelekea kulia, au akiinua uso kutazama rafu ya juu, chumba kinamzunguka kwa sekunde kama 20 kisha kinatulia. Baada ya hapo anabaki na kichefuchefu na kuyumbayumba anapotembea. Anasikia vizuri, masikio hayavumi. Ametumia sinarizini (dawa ya kizunguzungu) wiki 3 na hali ni ileile. Nyumbani alifanyiwa Epley, yaani kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa hatua, mara moja kwa kufuata video, haikusaidia.

Nataka kujua video ilikosea wapi, au sisi tulikosea wapi. Pia huko kuyumba kunakobaki kunafanyiwa mazoezi gani, kwa dakika ngapi, na ni dalili zipi zinasema acha mazoezi, nenda hospitali.

---

Fizio_Uwiano

Mlezi, maelezo yako yanaelekea kwenye chembe zilizohama ndani ya sikio. Ndani ya sikio kuna kifuko chenye chembe ndogo za kalsiamu kaboneti, chokaa kwa lugha rahisi, zinazotuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Umri, kugonga kichwa, au wakati mwingine bila sababu yoyote inayoonekana, baadhi hubanduka na kuingia kwenye mmoja wa mifereji mitatu ya nusuduara: wa mbele, wa nyuma na wa pembeni. Mfereji huo kazi yake ni kupima mzunguko wa kichwa. Ukilala, chembe zinateremka kwa uzito wake, zinavuta majimaji, na ubongo unapokea taarifa kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Chembe zikifika chini, mzunguko unakoma. Ndiyo maana hudumu chini ya dakika moja, na ndiyo maana sinarizini haiponyi: kidonge hakihamishi chembe.

Kabla ya Epley yoyote lazima upime. Kipimo ni kile cha Dix na Hallpike, kilichoelezwa Uingereza mwaka 1952 na mpaka leo hatujapata bora zaidi yake kwa mfereji wa nyuma. Mgonjwa akae kitandani miguu imenyooka, kichwa kigeuzwe nyuzi 45 upande unaopimwa, kisha alazwe chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia nyuma nyuzi 20 hadi 30 chini ya usawa wa godoro. Macho yawe wazi. Kama ni mfereji wa nyuma, baada ya sekunde chache mboni zitaanza kurukaruka, nasi tunaita nistagmasi: zinapiga kuelekea paji la uso na papo hapo zinajizungusha kuelekea sikio lililo chini. Pima pande zote mbili. Usiamini tu kauli ya "nikigeukia kulia", kwa sababu mfereji wa pembeni unaweza kuleta mzunguko pande zote.

Ukithibitisha ni kulia, Epley inakwenda hivi:

1. Akae, mto uwe mahali mabega yatakapotua, si chini ya kichwa. Kichwa nyuzi 45 kulia.
2. Alale chali haraka, kichwa kining'inie nyuma, bado kimetazama kulia. Subiri mpaka mzunguko uishe, kisha ongeza sekunde 30.
3. Bila kukiinua, kigeuze nyuzi 90 mpaka kitazame kushoto nyuzi 45. Sekunde 30 hadi 60.
4. Mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, kichwa kiende nyuzi 90 nyingine, pua ielekee sakafuni. Sekunde 30 hadi 60. Hapa kizunguzungu kikirudi kidogo usiogope. Mara nyingi chembe zinaendelea na safari yake.
5. Ainuke polepole kwa kushusha miguu upande huohuo wa kushoto, kidevu kimeinamia kifuani. Mshike mabega. Wengine huhisi kama wanasukumwa kwa sekunde chache, na anguko hutokea hapa.

Akitulia, pima tena baada ya dakika kadhaa. Ikiwa bado ipo, rudia. Wengi wanamaliza ndani ya vikao 1 hadi 3.

---

Sikio la Ndani

Naongezea sababu za Epley kushindikana, maana kwa wanaofuata video za mtandaoni hizi ndizo zinazorudiwa kila siku.

Ya kwanza ni mto. Watu wanauweka chini ya kichwa, shingo inakunjwa mbele, na chembe hazisogei kabisa. Ya pili ni kuinua kichwa kati ya hatua ya 2 na ya 3 ili mgonjwa "apumzike". Ukikiinua, chembe zinarudi zilikotoka, nawe umemsumbua bure. Ya tatu ni haraka. Mzunguko ukikoma haina maana chembe zote zimefika chini, na ndiyo sababu ya zile sekunde 30 za nyongeza. Ya nne ni kufumba macho. Mgonjwa anafumba kwa hofu, anayemsaidia haoni nistagmasi, na hivyo hajui kama yuko upande sahihi au mfereji sahihi.

Na ya tano, ambayo watu wengi hawaijui: mfereji si ule. Mgonjwa akilala chali, kichwa kimeinuliwa nyuzi 30 hivi, kigeuze kulia kisha kushoto. Mboni zikipiga kwa mlalo, kuelekea ardhini pande zote mbili, ni mfereji wa pembeni, na sikio lenye tatizo ni lile la upande wenye mzunguko mkali zaidi. Huyo Epley haimfai. Anabingirishwa: aanze chali, kichwa kimegeukia sikio bovu, kisha nyuzi 90 kwa kila hatua kuelekea sikio zima, mpaka amelala kifudifudi na kumalizia mzunguko. Kila hatua sekunde 30 au zaidi. Mboni zikipiga kuelekea dari badala ya ardhini, hapo hesabu inageuka: chembe zimeganda mahali pengine na upande ni ule wenye mzunguko *hafifu*. Hiyo mwachie mtaalamu, usiijaribu nyumbani.

Kuna jambo moja linatisha bila sababu. Wakati wa Epley chembe zinaweza kuhamia mfereji mwingine, na kizunguzungu kikabadilika sura ghafla. Si kiharusi wala hujamharibu. Pima upya, shughulikia mfereji mpya.

Habari ya kulala umekaa siku mbili na kuvaa kola shingoni baada ya Epley imeachwa. Alale anavyopenda. Shingo ikikazwa kwa hofu, kuyumba kunadumu zaidi.

---

Mlezi wa Zamu

Nashukuru sana. Kosa la mto ndilo lililofanyika, na kichwa kiliinuliwa katikati. Swali: shingo yake ni ngumu, haining'inii vizuri. Na je, ile kuyumba?

---

Fizio_Uwiano

Shingo ngumu usiilazimishe. Mwenye baridi yabisi ya shingo, aliyefanyiwa upasuaji wa shingo, au aliyewahi kuambiwa mishipa ya shingo ina shida, asiguswe na mtu asiye mtaalamu. Kwa aliye na ukakamavu wa kawaida kuna njia ya Semont, isiyohitaji kichwa kining'inie. Kwa sikio la kulia: akae ukingoni mwa kitanda, ageuze uso nyuzi 45 kushoto, yaani upande mzima. Alazwe haraka ubavu wa kulia, pua ikitazama juu, akae hapo dakika 1 hadi 2. Kisha, uso ukibaki palepale ulivyogeuzwa, apitishwe kwa mwendo mmoja hadi ubavu wa kushoto, pua ikielekea godoroni. Asisimame katikati, akisita, chembe zinarudi. Kwa kawaida mtu mmoja wa kumsaidia anatosha.

Mazoezi ya Brandt na Daroff, ya kulala ubavu huu na ule kwa sekunde 30, mara 5, asubuhi, mchana na jioni, mengi mnayaona mtandaoni. Yanasaidia, lakini kwa uwezo wa kuondoa chembe yako nyuma ya Epley. Nayaona yanafaa kama akiba, si kama tiba ya kwanza.

---

Bi. Mizani

Kuyumba ni suala jingine, nalo linastahili umakini kuliko linavyopewa. Chembe zikishatoka, wagonjwa wengine wanabaki kama wamepanda mashua kwa siku au wiki. Vilevile kuna waliopata uvimbe wa neva ya uwiano, wakazungukwa siku 2 au 3 mfululizo. Wao upande mmoja wa sikio umedhoofika, na hakuna chembe ya kuhamisha. Kinachofanya kazi hapo ni ubongo kujifunza upya.

Kwa kawaida kichwa kikienda kulia, macho yanakwenda kushoto kwa kasi ileile, picha inabaki tuli. Sikio likidhoofika, macho yanachelewa na picha inateleza. Huko kuteleza ndiko kunakomfundisha ubongo. Ukikwepa kugeuza kichwa, unauondolea mwalimu wake.

Zoezi la msingi: herufi moja nene kwenye karatasi, ukutani, umbali wa mkono, ukuta usio na mapambo. Mgonjwa aitazame bila kuiachia, kichwa kigeuke kulia na kushoto nyuzi 20 hadi 30, haraka kadiri herufi inavyosomeka. Ikitikisika kidogo, vizuri. Ikififia kabisa, punguza kasi. Dakika 1, kisha juu na chini dakika 1. Aliyeugua karibuni afikishe jumla ya dakika 12 kwa siku, zikigawanywa mara 3. Mwenye tatizo sugu jumla ya dakika 20 kwa siku, zikigawanywa mara 3 hadi 5, kwa wiki 4 hadi 6. Aanze amekaa, asimame, aikaribishe miguu, kisha akanyage godoro dogo. Hatua ya mwisho ni kutembea, na ukuta wenye michoro.

Kipimo cha kiasi: kwa mizani ya 0 hadi 10, kizunguzungu kipande alama 2 au 3 na kitulie ndani ya dakika 15 hadi 20. Kisipopanda kabisa, zoezi ni jepesi mno. Kikidumu saa nzima, umezidisha; punguza kasi au muda, lakini usiache. Kusogeza macho pekee, kichwa kikiwa kimetulia, hakuufundishi ubongo kitu, hata kama kunaonekana ni mazoezi.

Kusimama: kona ya chumba, kiti mbele yake, miguu pamoja sekunde 30, macho wazi halafu yamefumbwa. Akiweza, miguu kisigino mbele ya dole. Usimwache peke yake, si kwa umri huo.

---

Tabibu wa Wazee

Mlezi, dawa. Sinarizini inanyamazisha uwiano wote, na ubongo ulionyamazishwa haujifunzi. Ikitumika, iwe siku chache za mwanzo za kutapika. Kwa mtu mzima, ikiendelezwa miezi, inaweza kuleta kukakamaa na kutetemeka kama ugonjwa wa Parkinson; proklorperazini, dawa nyingine ya kichefuchefu na kizunguzungu, vilevile. Mwoneni aliyeiandika apange namna ya kuiacha.

Mpime na shinikizo la damu, amelala kisha amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, kisunzi chake cha kuinuka kinatokana na shinikizo na si sikio, na mazoezi hayo yote hayatamsaidia mpaka dawa za presha na maji vichunguzwe.

Hospitali mara moja, bila kumaliza zoezi: kuona vitu viwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kushindwa kabisa kusimama, kichwa kuuma ghafla na kwa ukali ambao hajawahi kuupata, kuzimia, maumivu ya kifua, au sikio kuziba kusikia kwa ghafla. Nistagmasi inayopiga chini au juu moja kwa moja huku amekaa tu, bila kugeuzwa, nayo ni ya ubongo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Akishapona, mrudieni kipimo baada ya wiki moja, hata kama hana malalamiko. Wengi wameshazoea kulala upande mmoja, na chembe zilizobaki hazijitangazi mpaka ageuke.