Naombeni ushauri: niongeze mitungi ama ningoje hiyo gesi ya baharini?

Habari zenu wadau, niko Kisumu, kibanda changu cha gesi kiko Kondele, mitungi ya kilo 6 na kilo 13, nina kama thelathini hivi na pikipiki moja ya kupelekea wateja. Sasa shemeji yangu wa Mombasa ameskia kuna mpango wa kuweka kituo baharini cha kupokea gesi asilia iliyogeuzwa maji, ananiambia nisichukue mkopo wa kuongeza mitungi juu bei itaanguka na nitabaki na vyuma.

Mimi nimejaribu kusoma kidogo. Hiyo gesi ni methani, inapozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sufuri, ujazo unapungua karibu mara 600 ndio iingie kwa meli, halafu meli ingine iliyotia nanga inaipasha moto irudi kuwa mvuke na kuisukuma kwa bomba mpaka nchi kavu, vile Ujerumani walifanya pale Wilhelmshaven mwisho wa 2022. Yetu ya kupikia ni propani na butani, inakaa kwa mtungi bila baridi yoyote. Si ni vitu viwili tofauti kabisa? Na hilo bomba litafika Kondele lini jameni, hata maji ya mfereji yenyewe hapa yanakuja yakipenda.

Shemeji naye hasikii, na ndiye alikuwa anisimamie mkopo. Mnaouza gesi Nakuru ama Kakamega, nyinyi mngefanya aje? Na nimweleze vipi bila kumkosea heshima?