Besi wa Naivasha: spini au beitikasta, na mshipi gani?

Njoro_Juu
Wakuu, hamjambo. Nataka kununua fimbo, rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) na mshipi wa kuvulia besi. Nimetazama video mpaka macho yanauma na kila mtu anasema lake. Nichukue rili ya spini au beitikasta? Mshipi uwe nailoni, florokaboni, au ule uzi wa kusuka? Sitaki kununua leo halafu mwezi ujao nirudi dukani. Naomba majibu kabla ya Alhamisi.

Boti_ya_Karagita
Karibu. Unavulia wapi? Unasimama ukingoni au uko ndani ya boti? Una pesa ngapi? Umewahi kurusha chambo bandia au ndiyo kwanza unaanza? Na hiyo Alhamisi kuna nini?

Sangara_Mwanza
Maswali ya nini yote hayo? Fimbo nzito, rili kubwa ya namba 6000, uzi wa kusuka wenye nguvu ya paundi 80. Umemaliza. Ndiyo ninayotumia huku Mwanza na sijawahi kukatikiwa.

Mswahili_Texas
Mkuu, wewe unavua sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100. Besi wa kilo moja ukimvuta kwa paundi 80 hata hutajua kama amekula. Na hiyo rili ya 6000 ukiirusha kutwa, jioni mkono haushiki kikombe cha chai.

Mimi navua besi Texas mwaka wa tisa sasa. Beitikasta, fimbo ya futi 7 yenye ugumu unaozidi wastani kidogo (zinaandikwa MH), florokaboni ya paundi 15. Mwisho wake mnyoo wa mpira uliovalishwa kwa mtindo wa Texas: ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mpira, na mbele yake kichubwi chenye umbo la risasi kinachoteleza kwenye mshipi. Unautupa katikati ya majani na haunasi. Besi anakaa humo humo kivulini akivizia.

Njoro_Juu
Samahani, niliandika haraka. Ni Naivasha, boti ya kukodi, mara mbili tatu kwa mwezi. Nina kama dola 120 kwa vyote. Kuvua nilivua utotoni bwawani, kijiti cha mwanzi na mnyoo wa shambani. Rili sijawahi kushika. Alhamisi shemeji yangu anapanda ndege Dallas kuja nyumbani, yeye ndiye atakayenibebea.

Boti_ya_Karagita
Haya, sasa tunaongea. Mimi hupeleka watu ziwani, kwa hiyo nasema ninachokiona kila wiki.

Besi si mgeni wa jana pale Naivasha, aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920. Anapenda kingo za mafunjo, na tangu maji yalipopanda mwaka 2020 anapenda zaidi ile migunga iliyozama. Miti imekufa ikiwa imesimama, matawi yote yako chini ya boti yako. Ukimnasa, jambo la kwanza atakalofanya ni kuzunguka gogo. Hapo ndipo mshipi unapopimwa. Ninaowaona mimi wengi ni nusu kilo hadi kilo moja na nusu. Akipanda wa kilo mbili watu wanaomba picha.

Beitikasta kwa mtu ambaye hajawahi kushika rili, hapana. Bobini yake, kile kigurudumu chenye mshipi, huzunguka wakati chambo kiko hewani, na kidole gumba chako ndicho breki. Chambo kikigusa maji kabla hujakandamiza, bobini inaendelea kumwaga mshipi usio na pa kwenda, na unabaki na kichaka ndani ya rili. Na upepo wa Naivasha huamka mchana. Ukirusha kuuelekea, chambo kinapungua kasi na bobini haina habari. Nimekaa na mteja saa nzima anafumua mshipi kama anayefumua sweta, na boti analipia kwa saa.

Chukua spini, ambayo bobini yake haizunguki ukirusha, ya namba 2500 au 3000, fimbo ya futi 6 na nusu, ugumu wa wastani. Asubuhi moja tu utakuwa unarusha.

Mswahili_Texas
Beitikasta inajifunzwa wikendi mbili, uani kwako, bila ndoana. Funga chubwi peke yake, rusha kwenye nyasi. Ukishaishika unaweka chambo ubavuni mwa gogo pale pale ulipopataka. Spini haina shabaha hiyo.

Boti_ya_Karagita
Kwa dola 120, na humo kuna fimbo na mshipi, atapata beitikasta ya namna gani? Spini ya bei rahisi bado inavua. Beitikasta ya bei rahisi ni adhabu.

Mswahili_Texas
Hapo kwenye bei umenibana.

Mzee_Mtwapa
Wanangu, nawasoma huku nacheka. Mimi miaka arubaini navua kwa mshipi wa mkono. Nailoni, chubwi, ndoana, basi. Changu nimemla, chewa nimemla. Kidole ndicho chajua kama samaki ameonja au umegusa mwamba. Hiyo fimbo yaja kukuficha habari. Ila hiyo nailoni nilisikia serikali imeipiga marufuku. Musije mukashikwa bure.

Sangara_Mwanza
Shikamoo mzee wangu. Zilizopigwa marufuku ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja, huku tunaziita timba. Mshipi wenye ndoana hauna neno.

Boti_ya_Karagita
Na huku ni hivyo hivyo, shida ni nyavu. Ila Njoro, kibali cha kuvua kwa mchezo ni lazima uwe nacho, na ukipate kabla hujapanda boti.

Mzee_Mtwapa
Marahaba. Nimeelewa.

Njoro_Juu
Nashukuru sana, wakuu. Basi naelekea spini. Kuna jambo sikulisema mwanzoni: shemeji amebakiwa na nafasi kwenye sanduku moja tu, la kawaida. Fimbo lazima iingie humo ndani. Akitozwa mzigo wa ziada kwa ajili yangu, dada atanisema mwaka mzima.

Mswahili_Texas
Ndugu yangu! Siku mbili nakupigia debe fimbo ya futi 7 ya kipande kimoja, na wewe umekaa kimya na sanduku lako!

Piga hesabu: futi 7 ni kama sentimita 213. Ya vipande viwili kila kimoja kinazidi mita moja, haiingii. Tafuta ya vipande vinne, kila kimoja kitakuwa sentimita 55 hivi, inalala vizuri kati ya nguo. Na ndoana zote zikae kwenye sanduku la mzigo, asije akazitia kwenye begi la mkononi.

Anko_Kinangop
Kwani zile za kuvutika kama antena ya redio zina ubaya gani? Inaingia hata kwenye mkoba wa mama. Bei yenyewe ni ya kucheka.

Fundi_Gilgil
Anko, kwa heshima, ngoja nikueleze ubaya wake.

Nilinunua seti nzima dukani mjini, duka silitaji. Fimbo ya kuvutika, rili tayari ina mshipi, na vichambo vya rangi rangi ndani ya kikopo. Nikajiona nimewapiga bao wenzangu. Siku ya kwanza tukatoka saa kumi na mbili asubuhi, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Kila nikirusha mara tatu nne, kipande cha juu kinajizungusha kidogo, vipete havipo tena kwenye mstari mmoja, mshipi unapinda kona kwenye fimbo. Nanyoosha, narusha, nanyoosha tena. Nikasema ni ugeni.

Saa mbili hivi, kando ya migunga, akapiga. Akaruka nje ya maji, mdomo wazi, anatikisa kichwa. Mwenye boti akasema huyo ni zaidi ya kilo mbili. Nikavuta. Kipande cha juu kikazama ndani ya cha pili, cha pili ndani ya cha tatu, na fimbo ya futi 7 ikawa fupi kama mwiko. Nikasema sawa, nitamvuta kwa rili peke yake. Kuzungusha mara ya pili, mpini wa rili ukatoka mkononi. Skrubu yake ilikuwa imelegea na mimi sikuikagua. Nikauona ukizama, unametameta, unakwenda.

Nikashika mshipi kwa mkono. Ulikuwa uzi wa kusuka, mwembamba, na samaki yule hakuwa na mchezo. Ulinikata hapa kwenye kiungo cha kidole cha shahada mpaka leo kuna alama. Akafika karibu kabisa na boti, nikaona ubavu wake wa kijani na ule mstari mweusi, halafu akapita chini ya gogo na mshipi ukalegea. Kabla sijatukana vizuri, kiboko akaibuka upande wa pili, si mbali. Mwenye boti hakusema neno, aliwasha injini tu.

Nilirudi dukani. Wakanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo ya vipande vinne, ndiyo. Ya antena, mpe mtoto avulie kwenye ndoo. Na skrubu ya mpini ikaze kila asubuhi.

Anko_Kinangop
Pole kaka. Yangu ina miaka minne na haijanifanyia hivyo. Labda mkono wako ni mzito.

Fundi_Gilgil
Unavua nini nayo?

Anko_Kinangop
Tilapia wa bwawani.

Fundi_Gilgil
Haya.

Njoro_Juu
Nimecheka mpaka nimeogopa. Mshipi sasa, jamani. Jumatano ndiyo hii.

Mswahili_Texas
Florokaboni. Inazama, na majini haionekani kirahisi. Kwa spini shuka mpaka paundi 8 au 10.

Boti_ya_Karagita
Florokaboni ni ngumu. Kwenye bobini ndogo ya spini hukaa imekunjamana kama waya wa simu za zamani, na ukifungua tu ule waya wa rili unaoshika mshipi inaruka nje yote. Na paundi 8 kwenye ile migunga? Mimi husema uzi wa kusuka wa paundi 30. Unene wake ni kama wa nailoni ya paundi 8, kwa hiyo unaruka mbali, na hauvutiki, kwa hiyo ukiguswa unajua papo hapo. Mbele ufunge kipande cha nailoni au florokaboni, urefu wa mkono hivi. Ila uanze na mizunguko ya nailoni kwenye bobini yenyewe, maana uzi wa kusuka ukifungwa peke yake unateleza wote kwa pamoja. Utazungusha na utadhani breki imekufa.

Sangara_Mwanza
Si nilisema uzi wa kusuka tangu mwanzo?

Boti_ya_Karagita
Ulisema paundi 80.

Fundi_Gilgil
Kwa mgeni mimi nasema nailoni ya paundi 12, imeisha. Inavutika, kwa hiyo ukivuta kwa pupa inakusamehe. Ikijisokota unakata na kutupa bila kulia, kwa sababu ni rahisi. Ubaya wake jua linaichosha, ubadilishe mara kwa mara. Na tafadhali usiitupe ziwani, ndege wananasa miguu.

Fundo ndilo wengi wanakosea. Jifunze Palomar, linatosha. Kunja mshipi mara mbili, pitisha mkunjo kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, halafu ndoana nzima ipite ndani ya ule mkunjo. Lowesha kwa mate ndipo ukaze polepole. Ukikaza likiwa kavu, mshipi unajichoma wenyewe kwa msuguano, na fundo linakatika siku samaki mkubwa amekuja.

Anko_Kinangop
Kwani mkubwa kabisa ni kilo ngapi?

Mswahili_Texas
Rekodi ya dunia ni paundi 22 na aunsi 4, kama kilo 10. George Perry, Georgia, mwaka 1932. Mwaka 2009 Manabu Kurita akamfikia kwenye Ziwa Biwa kule Japani, kwa hiyo wanaishika wote wawili. Na yule wa Perry alipelekwa nyumbani akaliwa.

Mzee_Mtwapa
Huyo Perry ni mtu wa maana. Sasa niulize, yualiwa huyu besi au wamrudisha? Maana naona vijana wa siku hizi wapiga picha, kisha wamwachia.

Mswahili_Texas
Mimi huwaachia karibu wote. Wakubwa ndio wazazi.

Fundi_Gilgil
Nirudi nyumbani mikono mitupu na petroli nimelipa? Mimi huwaachia wadogo na yule jike aliyejaa mayai. Wengine wanaingia kwenye mafuta. Nyama yake nyeupe, haina miba ya kusumbua. Mpake limau, kitunguu saumu na pilipili manga, umwache nusu saa.

Sangara_Mwanza
Ungemla sangara usingesema hayo.

Njoro_Juu
Shemeji yuko dukani sasa hivi, kanitumia picha. Fimbo ya vipande vinne ipo, futi 6 na nusu, ugumu wa wastani. Rili ipo 2500 na 3000, bei moja. Muuzaji anamwuliza mpini ukae kushoto au kulia. Mimi natumia mkono wa kulia. Na mshipi bado hamjakubaliana!

Mswahili_Texas
Fimbo kulia, zungusha kwa kushoto. Hivyo hubadilishi mikono ukisharusha.

Anko_Kinangop
Mimi nazungusha kwa kulia na nakula samaki.

Boti_ya_Karagita
Spini mpini wake unahamishwa upande wowote, asipoteze muda na hilo. Beitikasta ndiyo haihamishiki. Achukue 3000 na uzi wa kusuka wa 30.

Fundi_Gilgil
2500, nailoni ya 12. Na akague ile skrubu hapo hapo dukani.

Sangara_Mwanza
80.

Boti_ya_Karagita
Kama kuna nafasi kwenye sanduku, mwambie aongeze pakiti ya vile vichambo vya mpira vyenye umbo la kamba wa ziwani, rangi nyekundu ya matofali au kahawia. Ziwa limejaa wale kamba wekundu walioletwa mwaka 1970 na besi anawala kama njugu. Huku havipatikani kirahisi.

Mzee_Mtwapa
Kamba wa maji matamu? Hao nao waliwa?