Kuweka pari mara ya kwanza: 1X2, duble shansi ao kombine ya mechi nane?

KijanaRuashi
Wakubwa, hamjambo. Leo nataka kuweka pari, yaani kubeti, kwa mara ya kwanza. Mpira naujua, lakini karatasi ya kibandani imejaa alama: 1, X, 2, kisha 1X, X2, 12, kisha GG, kisha +2,5 na -2,5. Rafiki yangu anasema niache hizo zote, nifunge kombine ya mechi nane, yaani zote kwenye tiketi moja na zote zipite, ndiyo inalipa. Kwa mtu anayeanza, ipi ni bora? Kibanda kinafunga saa kumi na mbili, mnijibu mbio.

Mwalimu_Katuba
Karibu, mdogo. Mechi gani? Makuta ngapi, yaani pesa ngapi? Na ni makuta ya nani? Bila hayo matatu tutakupoteza. Kwa sasa shika hivi: 1 ni ekipe iliyoandikwa kwanza ishinde, 2 ni ya pili ishinde, X ni sare. Duble shansi inabeba matokeo mawili kwa malipo madogo, kwa mfano 1X ni ya kwanza ishinde ao watoke sare. GG, kila upande upate goli. +2,5 ni magoli matatu na kupanda, -2,5 ni mawili na kushuka. Kota ndiyo namba ya kuzidisha: franka za Congo (FC) 10,000 kwa kota 1,30 zinarudi 13,000, na ndani yake kuna zile 10,000 zako.

Cheminot_wa_Damu
Mimi ni mtu wa -2,5 miaka yote. Huna haja ya kujua nani atashinda, unaangalia tu kama mabeki wanajua kazi yao. Leopards, ekipe yetu ya taifa, kwenye makundi ya CAN, Kombe la Afrika, kule Côte d'Ivoire: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Mara tatu -2,5 imepita. Mara tatu aliyeandika Congo ishinde ametupa makuta.

Dereva_Kasumbalesa
Umeitaja CAN ile, na mimi bado inaniuma. Tarehe 28 Januari 2024, 16 bora, Misri na Congo. Nilikuwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku ya tatu sijasogea. Bosi alikuwa amenipa pesa ya njia. Nikakata nusu, nikaandika Congo ishinde. Kota ilikuwa nzuri kwa sababu Misri ndio walihesabiwa wakubwa.

Dakika 90, 1-1. Nyongeza, bado 1-1. Penalti zikaenda mpaka makipa wenyewe wakapiga. Wa Misri akagonga mwamba, Mpasi wetu akaja akaweka ndani, 8-7. Nilikumbatiana na watu nisiowajua. Mama mwenye kukaanga samaki aliacha mafuta kwenye moto akaja kucheza katikati ya malori.

Asubuhi nikapeleka tiketi. Kijana nyuma ya nondo akaisoma, akaigeuza kwangu, akaweka kidole kwenye mstari mdogo wa chini kabisa: dakika 90 tu. Nikamwambia nchi nzima imeshinda, wewe unasema nini? Hakubisha. Kidole kilibaki palepale. Kwake mechi iliisha 1-1 na tiketi yangu imekufa. Siku mbili nilikula kwa dereva mwenzangu, na ile pesa nilimrudishia bosi kidogokidogo mpaka Aprili.

Mwalimu_Katuba
Pole sana, yaya, kaka yetu. Mdogo, mechi hiyo moja inafundisha karibu karatasi nzima. Congo ishinde: imekufa. Congo ao sare: imepita. GG: imepita. -2,5: imepita. Congo ifuzu: imepita, maana pari ya kufuzu inahesabu nyongeza na penalti. Na iko nyingine, ya kurudishiwa makuta yako kama ni sare. Kwa pari hiyo yaya angerudishiwa pesa yake, angekula bila kuomba. Mtu anayeanza, mimi ningempa hiyo ya mwisho ao duble shansi, mechi moja basi.

Mkeka_Dar
Mnamtisha kijana. Huku Dar tunatandika mkeka wa timu kumi kwa jero, shilingi mia tano tu. Ukichanika hujaumia, ukitiki umepata kodi ya mwezi. Mechi moja ya 1,30 utafika lini?

Cheminot_wa_Damu
Sisi tunasema tiketi. Mkeka kwetu unatandikwa msibani.

Mwalimu_Katuba
Ndugu wa Dar, tuhesabu polepole. Mechi nane za kota 1,30 zinazidishana kufika 8,16 hivi. Tuseme kila moja ina shansi 75 kwa 100, ni nyingi hizo. Zote nane kupita pamoja zinabaki 10 kwa 100. Ukiweka 10,000 mara kumi, umetoa 100,000, umeshinda mara moja, umerudi na 81,600. Na hata mechi moja kibanda kinakata chake. Chukua kota 2,10, 3,20 na 3,40 za mechi moja, gawa 100 kwa kila moja, jumlisha: unapata 108, si 100. Ile 8 ndiyo mshahara wao, na kwenye kombine unaulipa kwa kila mechi unayoongeza.

Mwana_Kamalondo
Hesabu nyingi za nini? Siku Mazembe, ekipe yetu ya Lubumbashi, iko nyumbani weka 1. Kombe tano za vilabu bingwa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Na fainali ya Kombe la Dunia la vilabu 2010, ekipe gani ya Afrika ilikuwa imefika pale kabla yetu?

Cheminot_wa_Damu
Na Inter ikawafunga 3-0 Abu Dhabi. Mimi Lupopo, wapinzani wao wa mji uleule, naipenda tangu utoto na sijawahi kuiwekea hata franka moja. Ukipenda ekipe, moyo unasoma karatasi kabla ya macho.

Mwana_Kamalondo
Fainali mlishaichezea nyinyi?

Mama_Kampemba
Acheni hayo ya Lupopo na Mazembe. Kijana aliulizwa makuta ni ya nani, na hajajibu.

KijanaRuashi
Mama, ni ya likelemba, ule mchezo wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Zamu yangu ilifika juzi, 150,000 FC. Nilitaka kutoa 40,000 tu.

Mama_Kampemba
Mwanangu, likelemba unayopokea mbele ni deni. Wenzako wanangoja zamu zao, na mwezi ujao utapaswa kutoa sehemu yako, upate ao ukose. Nilikuwa mshika daftari wa likelemba ya soko miaka sita. Tulimpoteza rafiki mmoja kwa njia hiyo hiyo, hapiti tena hata barabara yetu. Weka za sigara ao za bia, hizo hakuna atakayekudai.

Mkeka_Dar
Hapo mama yuko sahihi. Jero, nilisema.

KijanaRuashi
Nimesikia, mama. 145,000 nimezipeleka kwa dada azishike. Niko kwenye mstari hapa na 5,000, mbele yangu watu wanne. Niandike X2 ao -2,5?

Dereva_Kasumbalesa
Ya mechi gani, mdogo wangu? Mpaka sasa hujatuambia.